Risiti za Milioni, Bei ya Laki: Jinsi ya Kupima Thamani ya Gari la Kale Lililomodifaiwa

Januari 2020, gari dogo la Kijapani la mwaka 1970 liliuzwa kwenye mnada wa mtandaoni nchini Marekani kwa dola 310,000. Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Lilipokuwa jipya lilikuwa linauzwa kama dola 3,500 hivi; ukizipandisha dola hizo kwa mfumuko wa bei wa miaka hamsini unapata takribani dola 23,000. Sasa hizo nyingine zote zimetoka wapi? Ukilikagua ndiyo utashangaa zaidi. Halikuwa na turbo, halikuwa na rimu za bei mbaya, giaboksi ilikuwa ileile ya gia nne. Lilikuwa limetembea maili 21,000 na ushee tu, na lilikuwa vilevile kama lilivyotoka kiwandani.

Upande wa pili kuna 240Z za miaka hiyohiyo zilizowekewa injini yenye nguvu mara mbili, breki za kisasa, shokapu za mashindano na viti vya kukumbatia mgongo. Mwenye gari ana faili zima la risiti. Gari linakimbia zaidi, linasimama vizuri zaidi, linakata kona vizuri zaidi, na bado bei yake haifiki hata robo ya ile ya mwenzake. Kama thamani ya gari ingekuwa ubora wake wa kiufundi, jambo hili lisingewezekana. Hebu tulichambue, maana ndani yake kuna uchumi, kemia na fizikia kwa pamoja, na kuna watu wanapoteza akiba ya miaka kumi kwa kutolijua.

Nimelichagua 240Z kwa sababu lina undugu na sisi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na gari hili, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, ushindi wa kwanza kati ya mitano aliyoipata kwenye Safari. Kwa hiyo ukiona leo 240Z nyekundu yenye boneti jeusi, taa kubwa mbele na ngao ya chuma chini, hiyo si urembo tu. Ni kumbukumbu ya matope ya Kenya, na kumbukumbu nayo ina bei yake, kama tutakavyoona.

Gari ni fungu la sifa

Fikiria kiwanja. Hakuna mtu anayenunua "kiwanja" tu. Unanunua ukubwa, umbali kutoka barabarani, maji, umeme, hati, majirani. Dalali mzoefu anaweza kukwambia hati peke yake inaongeza kiasi gani. Wachumi wana jina la njia hii ya kuivunja bei katika sifa zake, na inafurahisha kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuitumia, Andrew Court, mwaka 1939, aliitumia kwa magari. Mwaka 1974 Sherwin Rosen akaiwekea msingi wa nadharia ambao bado tunafundishwa darasani.

Kwa gari la kawaida njia hii ni rahisi. Toyota IST kuna nyingi sana sokoni, kwa hiyo mwaka, kilomita na rangi vinatosha kukupa bei ya karibu. Kwa gari klasiki la asili bado inafanya kazi, kwani kila 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na sifa zinazojulikana: injini ya L24 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja na ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili, breki za diski mbele na za ngoma nyuma, uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000. Unachopima ni umbali wa gari hili kutoka kwenye hali hiyo.

Gari lililomodifaiwa linaharibu hesabu hiyo yote. Halina mwenzake. Huwezi kuuliza "wenzake wanauzwaje?" kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyeweka injini ileile, matairi yaleyale na zambarau ileile. Hapo ndipo muuzaji anapokimbilia kipimo pekee alichonacho: risiti. "Nimetumia dola 40,000 kwenye hili gari." Sawa, ametumia. Lakini risiti inapima maumivu ya aliyelipa. Haipimi hamu ya anayenunua.

Kila badiliko linafukuza wanunuzi

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuchukulie kuna watu 100 wanaotafuta 240Z mwezi huu. Ukikata madigadi na kubandika mapana ya faiba, tuseme nusu yao wanaondoka, wamebaki 50. Ukiweka injini nyingine badala ya L24, nusu ya waliobaki wanaondoka, wamebaki 25. Ukishusha gari hadi linakwaruza kwenye matuta, wamebaki 12 au 13. Ukalipaka zambarau inayong'aa, wamebaki wanne.

Mtu wa takwimu atanisimamisha hapa, na ana haki. Nimezidisha kana kwamba mapendeleo hayo hayana uhusiano, wakati anayependa madigadi mapana mara nyingi ndiye huyohuyo anayependa gari lililoshushwa. Kweli. Kwa hiyo wanaobaki ni zaidi ya wanne, lakini mwelekeo haubadiliki. Na kwenye mnada bei haiamuliwi na anayelipenda gari kuliko wote. Inaamuliwa na mtu wa pili, yule anayemsukuma wa kwanza apandishe dau. Wanunuzi wakiwa 50, wa kwanza na wa pili huwa karibu sana. Wakiwa wanne, kuna hatari kubwa kwamba wa pili yuko mbali huko chini, na bei inaishia kwake.

Ndiyo maana gari la aina hii linaweza kukaa tangazoni mwaka mzima bila kuuzwa, halafu siku moja akatokea mtu mmoja akalilipia vizuri. Muuzaji akikwambia "mwenzako jana alinipa zaidi", inawezekana kabisa. Swali ni je, siku utakapotaka kuliuza wewe, huyo mwenzangu atakuwepo?

Soko la vimeo

Mwaka huohuo wa 1970, 240Z ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia barabarani Marekani, mchumi George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kununua gari mkononi mwa mtu: muuzaji anajua kama gari ni zima au ni kimeo, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati. Kwa bei hiyo, mwenye gari zima anaona anaonewa, analiondoa sokoni. Mwenye kimeo anafurahi. Taratibu soko linajaa vimeo, bei inazidi kushuka, na wenye magari mazima wanazidi kuondoka.

Ukibadilisha gari, unaupanua ufa huu. Kwenye gari la asili, fundi yeyote mzoefu wa Datsun anajua waya wa bluu unakwenda wapi. Kwenye gari lililowekewa injini ngeni, waya ulipelekwa na mtu mmoja, usiku mmoja, gerejini kwake, na ramani iko kichwani mwake. Huenda ni fundi stadi kuliko waliokuwa kiwandani Japani. Huenda ni kanjanja. Kwa macho huwezi kujua, na rangi mpya inawafanya wafanane.

Basi punguzo la bei si dharau kwa kazi iliyofanyika. Ni bima ambayo mnunuzi anajikatia mwenyewe. Na hapohapo tunaelewa kwa nini baadhi ya magari yaliyobadilishwa yanauzwa ghali kuliko ya asili. Singer ya California inachukua Porsche 911 za miaka ya mwanzo ya 1990, inazivua hadi chuma kitupu na kuzijenga upya, na zinauzwa zaidi ya nusu milioni ya dola. Ruf ya Ujerumani, hivyohivyo, ina jina lake yenyewe. Mnunuzi hapa hahitaji kumchunguza fundi, kwa sababu fundi ameshachunguzwa na soko zima. Jina linafanya kazi ambayo kiwanda kilikuwa kinafanya.

Kwa 240Z mambo yako hivyohivyo. Kifaa cha mbele cha kuzuia upepo cha muundo wa timu ya Pete Brock, ambayo dereva wake John Morton alitwaa ubingwa wa SCCA wa daraja la C Production mwaka 1970 na 1971, hakimchukizi mtu. Kabureta tatu za Weber hazimchukizi mtu. Haya ni mabadiliko ambayo watu waliyafanya wakati ule, wakiwa na sababu ya wakati ule. Ila nakala ya gari la Safari ni nakala tu. Inaweza kuwa gari zuri sana, na mtu akipenda kuingia nalo East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yanayofanyika kwenye njia zetu, atafurahi nalo. Lakini likiuzwa kwa bei ya gari lililokimbia kweli mwaka 1971, huo ni wizi.

Kipi kinarudi nyuma?

Kama ningelazimishwa kubaki na swali moja tu la kumuuliza muuzaji, ningeuliza: vitu vya asili viko wapi?

Badiliko linaloweza kuondolewa kwa spana linakuachia uamuzi. Ukilipenda unabaki nalo, usipolipenda unarudisha cha zamani, na siku ya kuuza unampa mnunuzi uamuzi huohuo. Uhuru wa kuamua baadaye una thamani ya pesa. Kuna tawi zima la fedha linalouwekea bei. Badiliko lililofanywa kwa grainda na mtungi wa gesi linaufuta uhuru huo. Madigadi yakishakatwa yamekatwa. Handaki la giaboksi likishakatwa ili V8 ya Chevrolet ipite, limekatwa. Paa lililotobolewa kuweka kioo ni hivyohivyo, na hilo kwangu ni dhambi kubwa kuliko zote kwa sababu halikuongeza hata kasi.

Kwa hiyo gari lenye injini ya RB26 ya Nissan Skyline GT-R lakini lina L24 yake imefunikwa turubai kwenye kona ya gereji, si sawa na gari lenye RB26 hiyohiyo ambalo L24 yake iliuzwa kama chuma chakavu. Ndani ya boneti la 240Z kuna kibati chenye namba ya chasi na namba ya injini. Kibati na injini vikikubaliana, umepata kitu ambacho hakiwezi kununuliwa popote baadaye.

Twende chini ya rangi

Injini inarekebishika. Breki zinarekebishika. Bodi ndiyo gari. 240Z haina fremu ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na mifupa hiyo ni mabati yasiyofika hata milimita moja kwa unene sehemu nyingi, yaliyokunjwa kuwa maboksi marefu chini ya sakafu. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, kutu inaanza. Ukiongeza chumvi, maji yanapitisha umeme vizuri zaidi na kutu inakwenda mbio. Ndiyo maana gari lililoishi Mombasa au Tanga halifanani na lililoishi Nakuru, na la majimbo ya kaskazini ya Marekani, yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, halifanani na la California. Kutu pia ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma rangi kutoka ndani: ukiona kipele kidogo juu ya rangi, jua nyuma yake kuna shimo linalosubiri.

Sasa, gari lililomodifaiwa karibu lote limepakwa rangi upya. Rangi ya kiwandani huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150 hivi. Ikipakwa mara ya pili utapata 200 au 300. Puti ikilala chini yake, namba zinaruka hadi mamia mengi, mara nyingine zaidi ya 1,000. Kipima unene wa rangi ni kidude kidogo kinachoshikika mkononi na kinatumia sumaku na umeme kupima umbali hadi kwenye chuma. Huna? Chukua sumaku ndogo na uifunge kitambaa isikwaruze, uitembeze chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inaposhika kwa unyonge, pana kitu kati yake na bati. Kumbuka tu kwamba madigadi ya faiba hayatashika sumaku kabisa, na hilo ni la kawaida. Swali hapo ni bati lililokatwa nyuma yake lilifungwa vipi.

Halafu piga jeki kona moja ya gari na ujaribu kufungua na kufunga mlango. Ukigoma au ukining'inia, mifupa imelegea. Hakuna risiti ya injini inayofidia hilo.

Nguvu farasi za mdomoni

"Hii ina farasi 400." Vizuri, zilipimwa wapi? L24 ilitangazwa Marekani kuwa na farasi 151, lakini kwa kipimo cha zamani: injini ikiwa nje ya gari, bila mzigo wa vifaa vyote inavyoviendesha na bila eksozi yake kamili. Kuanzia 1972 watengenezaji wa Marekani walihamia kipimo halisi zaidi, na takwimu za magari mengi zikashuka bila injini kubadilika hata boliti moja. Mtu akilinganisha farasi zake za leo zilizopimwa kwenye magurudumu na zile 151 za karatasi, analinganisha vitu viwili tofauti. Omba karatasi ya dainamomita, na uangalie mkunjo mzima badala ya kilele peke yake, kwa sababu mjini unaishi katikati ya mkunjo.

Hali ya hewa nayo inahusika. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takribani mita 1,700, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa ya mahali ilipo, basi, kwa makadirio ya haraka, farasi 150 za Mombasa zinakuwa kama 123 Nairobi. Kabureta iliyosetiwa pwani itakunywa mafuta kupita kiasi huko juu na plagi zitakuwa nyeusi. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: kipimo cha kompresheni kitasoma chini pia. Kwa hiyo usikimbie gari kwa sababu namba ni ndogo kuliko za kitabuni. Linganisha silinda na silinda. Sita zikikaribiana, injini inapumua sawasawa. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, anza kuuliza maswali kuhusu ringi na valvu.

Na nguvu ikiongezwa, lazima kuwe na pa kwenda. RB26 ya Skyline R32 ilitoka kiwandani na mkufu wa Nm 353; L24 ilikuwa chini ya 200. Giaboksi, propela shafti, difu na shafti za magurudumu ya nyuma ya 240Z vilichorwa kwa ajili ya huo mdogo. Wajenzi wanaojua kazi hubadilisha difu ndogo ya R180 kwa R200 ya matoleo ya baadaye. Asiyejua anaweka injini anaishia hapo, halafu anakuuzia wewe fursa ya kuvunja difu.

Breki ni hivyohivyo, tena hapa fizikia haina huruma. Gari la kilo 1,050 likiwa kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kama kilojuli 405. Kwa kilomita 160, nishati ni zaidi ya kilojuli 1,000, yaani mara mbili na nusu, ingawa mwendo umeongezeka kwa sita ya kumi tu. Nishati hiyo yote lazima igeuke joto kwenye breki. Gari lililoongezewa injini bila breki limepungua thamani, na kwangu mimi punguzo hilo linaanzia gharama ya breki mpya na kuendelea.

Basi tutoe bei

Tuchukulie namba za kubuni ili tuone njia. 240Z ya asili yenye bodi ya hali kama ya gari hili inauzwa dola 30,000. Huo ndio msingi, na ndiyo namba unayotakiwa kuitafuta kwa bidii kuliko zote, kwenye mauzo yaliyokamilika. Matangazo yanaonyesha matamanio. Muuzaji ana risiti za 40,000, anataka 70,000.

Breki na shokapu, vyote vya kufungwa kwa boliti, vimemgharimu 6,000. Mnunuzi wengi watavitaka. Vipe nusu, 3,000. Giaboksi ya gia tano, 1,500. 240Z za Marekani zilikuja na gia nne na karibu kila mtu anaitaka ya tano barabarani, ipe zote. Injini ya RB26 na kazi yake, 25,000. Ipe 10,000 kama waya ni nadhifu na kuna picha za kila hatua, pungufu kama hakuna. Madigadi mapana na zambarau, 7,500. Ipe sifuri, na ningeshawishika kwenda chini ya sifuri kwa sababu bati limekatwa. Tumefika 44,500. Chini ya sakafu fundi bodi ameona boksi moja limeliwa na kutu, kazi ya 4,000. Tumebaki na 40,500, kabla hatujaongea habari ya bima ya kutojua.

Muuzaji atakasirika, na hasira yake ni ya kweli. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler walichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliopewa vikombe vya kahawa bure walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa. Vikombe tu, vya dakika chache! Huyu amelala chini ya gari lake miaka mitano. Usimbishie kuhusu kazi yake. Bishaneni kuhusu soko.

Lakini geuza hesabu uone upande wa pili. Kama wewe ndiye yule mmoja wa wanne, unayeitaka RB26 kwa moyo wote na hata zambarau huichukii, kulijenga gari hili mwenyewe kutakugharimu ile 70,000 na usingizi juu yake. Ukilipata kwa 42,000, umenunua jasho la mtu kwa punguzo kubwa. Kwa anayetaka kuendesha, gari lililokwisha kumodifaiwa na mtu mwingine, kwa ustadi, ni kati ya manunuzi bora yaliyopo. Kwa anayetaka kutunza fedha, ni kati ya mabaya. Watu wanaoumia ni wale wanaochanganya hayo mawili, au wanaonunua la asili leo na kuanza kulikata kesho wakiamini wanaongeza thamani.

Ukishuku, hesabu pia gari lingeleta nini likivunjwa: injini na giaboksi yake, rimu, viti, kabureta, bodi. Bei ikikaribia hiyo jumla, huwezi kupoteza sana. Ikiwa mbali juu yake, jiulize unalipia nini kilichobaki.

Karatasi kabla ya funguo

Kenya, kwa kawaida, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo 240Z iliyoko Nairobi huwa imekuwepo siku nyingi na inatakiwa kuwa na historia ya kwenye karatasi. Soma kadi ya gari na injini pamoja. Kama injini ilibadilishwa na kadi bado inataja namba ya L24 ya zamani, mkanganyiko huo utahamia kwako pamoja na funguo. Muuzaji aurekebishe kabla hujalipa.

Kisha fungua boneti na usome herufi zilizogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. HS30 ni 240Z ya kuuzwa nje yenye usukani kulia. HLS30 ni ya usukani kushoto. Ukikuta usukani uko kulia na ukuta unasema HLS30, kuna mtu alihamisha usukani, na unahitaji kujua nani, lini, na alichomelea nini.

Na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya injini. Iwe baridi.